Waya Uliopungua Shibiri

Nyumba ya Shangazi haikuwahi kuwa na kitanda kitupu. Aliyegombana na mumewe alihamia pale, aliyefukuzwa na mwenye nyumba alihamia pale, na aliyekuwa anapita tu kusalimia alijikuta ameshika kisu anamenya vitunguu huku habari za mtaa mzima zikimwagwa masikioni mwake kama maji ya bomba lililopasuka. Ndiyo maana Shangazi alitaka kupandisha ghorofa nyuma ya ua. Si kwa majivuno, alisema, ila kwa sababu watu wamezidi magodoro.

Ghorofa lilikuwa la chuma, na hilo lilikuwa wazo la Kipanga. Kipanga alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake, aliyemlea tangu anatambaa mpaka akaota ndevu na kiburi. Jina hilo alilipata utotoni kwa sababu alionekana juu ya mapaa ya watu kuliko alivyoonekana mezani, na alipokua akatafuta kazi iliyomfaa: fundi wa kupandisha vyuma, mmoja wa wale wanaotembea juu ya mhimili mwembamba kama mtu anayekwenda dukani kununua chumvi.

Bosi wake alikuwa mzee mmoja mwembamba aliyeitwa Timazi. Mfukoni hakuachana na kile kipande cha shaba chenye ncha ambacho mafundi hukining'iniza kwa uzi ili kujua kama kitu kimesimama wima. Watu walisema hata akienda kuzika, hutazama kwanza kama jeneza limenyooka. Yeye na Shangazi walitaniana tangu siku ya kwanza, na tangu siku hiyo Timazi hakukosa chakula cha mchana katika nyumba ile.

Ilikuwa mezani hapo, nguzo sita za chuma zikiwa zimekwisha kusimama nyuma ya ua na mihimili karibu yote ikiwa imelazwa juu yake, ndipo Shangazi alipouliza swali lake.

"Fundi, mimi si msomi, lakini nimegusa ile bolti ya nguzo ya pembeni ikacheza. Mnanijengea nyumba au kitanda cha kukunja?"

Timazi akacheka mpaka chai ikampalia. "Nimeiacha makusudi, mama. Nati zote zimekazwa kwa vidole tu."

"Kwa vidole! Mimi chupa ya mafuta naikaza kuliko hivyo."

"Basi sikiliza. Kiunzi kikisimama mara ya kwanza huwa kimepinda. Nguzo hii inaegemea huku, ile inaegemea kule. Ukikaza leo, umekaza upogo. Kwanza mihimili yote iingie. Halafu tunakivuta kwa zile nyaya, huku kidogo, kule kidogo, mpaka kila nguzo iwe wima. Hapo ndipo tunapita na spana kubwa tunakaza kweli kweli, kisha tunamwaga zege chini ya nyayo za nguzo. Kabla ya hapo, jengo bado linajifunza kusimama. Usione chuma ukadhani kinasimama chenyewe, kinasimama kwa sababu ya..."

Hapo mlango wa uani ukafunguliwa na jirani akaingia na habari kwamba mke wa muuza saruji amefungasha vyombo vyote, hadi pazia. Shangazi akageuza kiti. Alichosikia cha Timazi kilikuwa nusu, na nusu ile nyingine ilikwenda na mapazia ya mke wa muuza saruji.

Nyaya zilizotajwa zilikuwa nne, nene kama kidole gumba, zimesukwa kwa nyuzi za chuma. Kila mmoja ulishuka mshazari kutoka kichwa cha nguzo hadi kwenye kulabu iliyozikwa ardhini ndani ya bonge la zege, na karibu na kulabu kulikuwa na kikazio, kidude cha skrubu kinachozungushwa ili waya uvutike au ulegee. Mbili zilishukia uani kwa Shangazi, mbili upande wa pili, kwenye kichochoro kilichopakana na vyumba vya wapangaji.

Kazi ingekwisha upesi, lakini mhimili wa mwisho ulikuja mfupi. Karakana iliukata vibaya, ukarudishwa, na karakana ikaanza maneno: leo mashine mbovu, kesho umeme, keshokutwa aliyekata ana msiba. Majuma yakapita. Kiunzi kikabaki pale nyuma na pengo lake kama mtoto aliyeng'oka meno.

Na katika nyumba yenye watu wengi hivyo, kitu chochote kilichotandazwa hakikai bure. Juma la kwanza mtu alianika taulo kwenye waya wa uani. La pili zikaja shuka. La tatu nyaya zile zilikuwa na majina: ule wa mbele waya wa mashuka, na ule uliojificha karibu na choo waya wa aibu, kwa sababu huko zilianikwa nguo zisizopaswa kuonwa na wageni. Watoto waliambiwa nendeni mkaanue kwenye waya, wakaenda. Timazi mwenyewe alipopita kukagua aliinama chini ya magauni kama mtu anayepita dukani, akagusa kikazio, akaendelea na safari yake. Hakukuwa na mtu katika nyumba ile aliyekumbuka tena kwamba nyaya zile zilikuja kwa kazi nyingine.

Siku wakwe walipokuwa wanakuja ndiyo siku karakana ilipokumbuka kuwa na huruma. Binti wa Shangazi alikuwa amepata mchumba, kijana mpole mwenye kucheka kwa pua, na wazazi wake walikuwa waje mchana na jamaa zao kufahamiana na kula. Jioni ya kuamkia siku hiyo Timazi akapiga simu: mhimili uko tayari, na kreni inapatikana asubuhi tu.

"Njooni," alisema Shangazi, "lakini wageni wangu wakifika nisikuone na suruali hiyo yenye tundu."

"Hilo tundu ni la kupitishia hewa, mama."

"Basi lizibe, hewa ya huko hatuitaki."

Kulipokucha Shangazi alisimama katikati ya ua na mikono kiunoni akaona tatizo. Turubai la wageni lilikuwa limeletwa, viti vimepangwa mpaka jikoni, na nyaya mbili za kuanikia nguo zimekata ua mshazari, mahali palepale ambapo baba mkwe angekaa. Wageni wa maana wapite chini ya waya wa aibu? Akachukua nondo fupi, akaiingiza kwenye kikazio, akazungusha. Kilikuwa kigumu, lakini mwanamke aliyefungua mitungi ya gesi maisha yake yote hashindwi na skrubu. Kulabu ikaachia. Akafanya hivyo na wa pili, akaziviringisha nyaya kwenye nguzo vizuri, akazifunika kwa vitambaa vyeupe na utepe. Kisha, kwa kuwa turubai lilihitaji mahali pa kushika, akapanda kiti akafunga kamba zake mbili juu kwenye nguzo hizo hizo.

Akarudi nyuma kutazama. Palipendeza.

Timazi alifika akikimbizana na muda, kwa sababu dereva wa kreni alikuwa na kazi nyingine ng'ambo ya mji na alishaanza kulalamika. Kreni iliingia kwa njia ya kichochoroni. Timazi akagonga nyaya za huko kwa ngumi, zikalia vizuri. Upande wa uani akaona sufuria, wanawake, viti na vitambaa vikining'inia pale ambapo siku zote vilining'inia vitambaa. Kwa majuma mengi hakuwahi kuona nyaya zile zikiwa wazi.

"Huko uani salama?" akapaza sauti.

"Salama kabisa!" akajibu Shangazi. "Mkimaliza mje mnywe chai!"

Kipanga akapanda. Alipita juu ya mhimili akiwa na mkoba wa bolti kiunoni, akamsalimia binamu yake kwa kumwita bibi harusi mbele ya watu, binti akamtupia kitunguu. Kreni ikauinua mhimili wa mwisho, ukaelea angani taratibu, Kipanga akaupokea kwa mkono kama anayempokea mgeni begi. Upande mmoja ukaingia. Upande wa pili akapitisha bolti mbili, akazungusha nati kwa vidole, akaashiria: achia. Kreni ikaachia kulabu yake. Dereva hakungoja hata shukrani. Akakunja mkono wa mashine, akaondoka na lori lake, na vifaa vya Timazi vikiwa bado nyuma ya lori.

"Atarudisha mchana," akasema Timazi, akaketi kunywa chai.

Wageni wakaanza kuingia. Baba mkwe alikuwa mtu mkubwa, mwenye suti ya rangi ya majivu na uso wa kukagua. Aliegesha gari lake kubwa mdomoni mwa kichochoro, wengine wakaegesha barabarani mbele ya nyumba, akaingia uani na funguo akizitumbukiza mfukoni. Alitazama juu, akaona chuma, akaona kijana aliyeketi juu ya chuma na miguu ikining'inia.

"Hiyo ndiyo nyumba inayojengwa?"

"Ndiyo hiyo, baba mkwe," akasema Shangazi, na alijisikia kama amekua kimo. "Chuma kitupu. Hata mchwa wakija watarudi na njaa."

Watu walikuwa bado wanacheka upepo ulipokuja.

Haukuwa upepo wa kutisha. Ulikuwa ule upepo wa kawaida wa kabla ya mchana, unaoinua vumbi na kuangusha vikombe vya plastiki. Lakini turubai lilivimba. Likajaa kama shavu, likavuta kamba zake, na kamba zikazivuta nguzo. Shangazi alisikia mlio ambao hakuwahi kuusikia, kikri kikri kikri, kama watu wengi wanaotafuna changarawe: nati zilizokazwa kwa vidole, zote kwa pamoja. Kisha kamba za turubai zikakatika, moja na nyingine, na kiunzi kilichokuwa kimevutwa uani kikarudi kwa nguvu upande wa kichochoro. Kikapita wima. Kikaendelea.

Kikasimama kikiwa kimeinama, hakuna aliyejua kwa nini.

Juu, Kipanga alipiga ukelele mmoja mfupi.

"Mtu asiguse chochote!" Timazi alikuwa amesimama na chai imemwagikia suruali. "Kipanga! Nisemeshe!"

"Mkono," sauti ikasema kutoka juu. "Mkono wa kushoto umebanwa. Kati ya mhimili na nguzo. Nilikuwa naongoza bolti ya tatu."

"Umebanwa au umekatika?"

"Sioni, fundi. Siwezi kuutazama."

Mtu mmoja akakimbilia ngazi. Timazi akamnyang'anya. "Ukiiegemeza hapo umekisukuma! Kila mtu akae mbali. Nyaya za uani ziko wapi? Nani kaziona nyaya za uani?"

Shangazi alikuwa amekwisha fika kwenye nguzo. Alinyofoa vitambaa, utepe, vyote, akaifungua ile mizunguko aliyoipanga vizuri asubuhi. Timazi alimtazama. Shangazi angeona afadhali kama angetukanwa.

Wakauvuta waya hadi kwenye kulabu ya ardhini. Timazi akafungua kikazio mpaka mwisho wa skrubu, akavuta, akavuta tena kwa goti lililopiga chini. Waya haukufika. Kiunzi kilikuwa kimeinama upande wa pili na kuondoka na urefu wake. Ulikuwa umepungua shibiri moja, shibiri ya kiganja cha mwanamke. Wa pili nao vilevile.

"Tuongeze kamba," akasema mchumba wa binti.

"Kamba gani? Hizo za turubai si ndizo zimekatika kama uzi? Minyororo na winchi yangu ya kuvutia viko kwenye lori la kreni."

"Basi tuko watu wengi, tuvute mpaka ufike!"

"Tukivuta shibiri nzima mhimili unasogea, na mkono wake uko katikati." Timazi alijifuta uso. "Tukiachia, kinakwenda kichochoroni, juu ya vyumba vya watu, na yeye yuko juu yake. Hatuvuti wala hatuachii. Tunashika. Tunashika hapo hapo kilipo mpaka kreni irudi iubebe ule mhimili."

Basi wakashika. Shangazi mbele kabisa kwenye waya ule waliouita wa mashuka, akazungushia vitambaa vyeupe viganjani ili chuma kisimchane. Nyuma yake baba mkwe na suti yake. Nyuma ya baba mkwe mchumba, kisha jamaa za mchumba, kisha wapishi. Kwenye waya wa pili wakajipanga wengine, mama mkwe mwenyewe amevua viatu vyake virefu, visigino vimezama kwenye udongo. Walikuwa wamekuja kujuana, na sasa walipumuliana shingoni.

Timazi akapiga simu, akaiweka kwenye spika wote wasikie.

"Niko karibu," akasema dereva wa kreni.

"Karibu wapi? Nasikia unatafuna!"

"Nimesema niko karibu, fundi. Nageuza."

Kila mtu pale aliwahi kusema niko karibu akiwa bado anatafuta soksi. Mmoja wa wapishi akacheka kicheko kibaya kisicho na furaha, akajizuia.

Jua likapanda. Hapakuwa na la kufanya. Hilo ndilo lililomtesa Shangazi kuliko uzito. Maisha yake yote, balaa likiingia nyumbani, kulikuwa na kitu cha kufanya: chemsha maji, tafuta gari, mpigie fulani anayemjua fulani. Sasa alikuwa na kazi moja, kutosogea. Na kupitia waya alimsikia. Kila Kipanga alipotetemeka juu, mtetemeko ulishuka kwenye chuma ukaingia viganjani mwake, mdogo, kama moyo wa kifaranga.

"Fundi," akaita Kipanga. "Nani kafungua nyaya?"

Timazi akatazama ardhi.

Shangazi alijua angeweza kutojibu. Nyumba ilijaa watu, lawama ingepata pa kulala. Lakini mtoto alikuwa ameuliza.

"Ni mimi, mwanangu. Niliona zinakata ua. Nilidhani ni za nguo."

Alingoja. Alingoja amtukane, au acheke kile kicheko chake cha kumwita mshamba. Juu hapakutoka kitu. Baadaye sana sauti ikasema, "Fundi, mwambie dereva aharakishe. Mkono unakufa ganzi." Na tangu hapo alipozungumza alizungumza na Timazi.

Shangazi akaanza kuongea. Hakuamua, mdomo ulijifungua wenyewe, kwa kuwa ndio pekee uliokuwa huru. Akamsimulia juu habari za chini, kama alivyozoea kumsimulia akirudi kazini na viatu vyake vyenye kutu.

"Kipanga, unamkumbuka mke wa muuza saruji? Kumbe hakuondoka na vyombo peke yake. Kaondoka na ile mizani ya dukani! Sasa mume anauza saruji kwa kukadiria kwa mkono, na anavyopenda kupunja, mkono wenyewe umekuwa kama wa mtoto. Jana kaja mteja akamwambia, bwana, hii saruji au chumvi ya mboga?"

Mama mkwe kwenye waya wa pili alitikisika, akijizuia. Mtu akasema, "Jamani, msinichekeshe, nitaachia." Juu hapakuwa na neno. Lakini mtetemeko ulipungua, Shangazi alihisi ukipungua, au pengine upepo ndio uliotulia, au pengine kijana alikuwa anaishiwa nguvu. Hakuwa na njia ya kujua. Akaendelea. Alimsimulia ya mpangaji wa kichochoroni na kuku wake wanne, akamsimulia ya harusi iliyovunjika kwa sababu ya picha, akamsimulia mengine aliyoyatunga papo hapo. Koo lilikauka, akaendelea.

Honi ya kreni ikalia kichochoroni, watu wakashusha pumzi kwa pamoja, na waya ukalegea ukucha mmoja. Kikri, zikasema nati. Juu, Kipanga akalia kwa sauti ambayo Shangazi hakuwa ameisikia tangu kijana huyo alipokuwa mtoto mwenye surua.

"Shikeni!" Timazi alipiga kelele. "Nani kawaambia imekwisha?"

Haikuwa imekwisha. Kreni haikuweza kuingia. Mdomo wa kichochoro ulikuwa umezibwa na gari la baba mkwe.

"Funguo!" akasema Timazi.

"Mfukoni," akasema baba mkwe. Mishipa ilimtoka shingoni. Alikuwa mzito kuliko wote kwenye waya ule, na Timazi alipomtazama mikono alitikisa kichwa: huyu haachii.

Binti wa Shangazi ndiye pekee aliyekuwa na mikono mitupu, kwa sababu alikuwa amekwenda kumletea Timazi maji. Akasimama mbele ya mwanamume ambaye siku hiyo, kwa adabu zote, hakupaswa hata kumtazama usoni kwa muda mrefu.

"Baba, mfuko upi?"

"Wa suruali. Wa kulia. Ndani, chini kabisa." Baba mkwe akafumba macho. "Ingiza mkono, mwanangu, wala usione haya. Mimi nimekwisha kumaliza haya zangu zote leo."

Binti akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akatoa leso, akatoa vichokonoo vya meno, akatoa pipi, halafu funguo. Akakimbia. Hakujua kuendesha vizuri, kila mtu alilijua hilo, na alilitoa gari pale kwa kukwangua ukuta wa jirani kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma. Baba mkwe alisikia kila sentimita ya mlio ule na hakugeuza kichwa.

Kreni ikaingia. Ikanyanyua mkono wake mrefu juu ya kiunzi, kulabu ikashuka mpaka karibu na Kipanga. Kwa mkono mmoja, akiuma meno, akaupitisha ukanda wa chuma chini ya mhimili na kuutundika. Timazi alimwongoza dereva kwa kidole kimoja kilichoinuliwa: taratibu, taratibu, kama unainua kifuniko cha sufuria iliyojaa. Mhimili ukapanda unene wa kidole. Kipanga akautoa mkono.

Shangazi aliona rangi ya glavu ya mkono ule, akageuza macho kwenye fundo la vitambaa mbele yake.

"Huyo huyo dereva amshushe!" akasema Timazi. "Kipanga, tundika mkanda wako wa usalama kwenye kulabu. Lakini nyinyi wa nyaya, mhimili ukiachiwa uzito wa kiunzi kizima unarudi kwenu. Mmenielewa? Mtakibeba nyinyi peke yenu. Mkichoka, mtasema. Ila hakuna atakayechoka, sawa?"

Hakuna aliyesema. Mhimili ukashushwa, uzito ukaja kwenye nyaya kama mnyama aliyeamka, viatu vikakwaruza ardhi, mtu akaguna. Kipanga akaning'inia angani kwa mkanda wake, kichwa kimelala kifuani, mkono umefungwa kwa shati lake mwenyewe, akazungushwa juu ya paa la choo na kushushwa uani, hatua chache tu kutoka alipokuwa Shangazi.

"Mchukueni," akasema Timazi. "Gari la mzee. Mchumba, wewe achia, mpishi shika nafasi yake. Endesha wewe, si bibi harusi."

Wakamlaza kwenye kitambaa cha meza. Walipokuwa wanambeba walipita mbele ya waya, karibu sana, kiasi kwamba Shangazi aliona vumbi la chuma kwenye kope zake. Macho yalikuwa yamefumba.

"Kipanga," akaita. "Mwanangu. Kipanga, ni mimi."

Kope zilicheza, au zilichezeshwa na mwendo wa waliombeba. Midomo haikufunguka. Alikuwa amezimia, au amechoka, au alikuwa amesikia na hakutaka. Shangazi alimtazama usoni, uso aliouosha, aliouchapa makofi, aliouombea, akautafuta kama unavyotafuta jina la mtu unayemjua. Vidole vyake vilitaka kwenda kumfuta lile vumbi. Vilibaki kwenye waya.

"Fundi," akasema, "niache niende naye. Niache niingie tu garini."

Timazi alikuwa amekwisha kimbilia lori na kurudi na winchi yake, ameipigia magoti kwenye kulabu ya ardhini, anapitisha mnyororo.

"Wewe uko mbele kabisa, mama. Ukiachia wewe, wa nyuma watasukumana. Na dereva bado yuko chini ya kiunzi kule kichochoroni, na watoto wa wapangaji."

"Nitamweka mtu ashike nafasi yangu."

"Mtu gani?"

Akatazama. Nyumba yake yote ilikuwa kwenye waya. Wageni wake wote walikuwa kwenye waya. Binti alikuwa anapanda garini, ameshika kichwa cha binamu yake mapajani. Mlango ukafungwa. Gari likatoka kinyumenyume, ubavu wake umechubuka wote, na mchumba akapiga honi bila kuacha, honi ikapita nyuma ya nyumba, ikapita mbele, ikaanza kupungua.

Winchi ikagonga. Jino moja. Jino jingine. Waya ukasogea mikononi mwa Shangazi kidogo, ukasimama.

"Bado," akasema Timazi. "Bado, mama. Shika."